Kilomita Sifuri: Shajara ya Mabango ya Stesheni ya Tanga

6 Julai 2024

Klabu ya historia ya shule yetu imekubaliana leo juu ya kazi ya muhula huu. Tutatengeneza mabango manane ya plaiwudi yatakayoeleza historia ya stesheni ya reli ya Tanga na kazi ya kila sehemu yake, kisha tutayatundika katika ukumbi wa shule kabla ya mapumziko ya Septemba. Wanafunzi ni kumi na wawili, wa kidato cha pili na cha tatu, nami ndiye mwalimu wao wa historia. Shajara hii nitaiandika mwenyewe baada ya kila kikao, ili mwalimu atakayeipokea klabu baada yangu ajue kwa nini tuliandika tulichoandika, na kwa nini mambo mengine tuliyaacha.

Nilipouliza ni nani aliyewahi kupanda treni, mikono miwili tu iliinuliwa, na wote wawili walipandia Dar es Salaam. Jibu hilo limenishughulisha siku nzima. Wengi wa watoto hawa wanatoka Ngamiani na Chumbageni, na wapo wanaovuka reli kila asubuhi waendapo shule, lakini hakuna hata mmoja aliyejua kwamba reli ya kwanza katika nchi hii ilianza kujengwa hapa hapa Tanga, mwaka 1893, miaka 12 kabla Dar es Salaam haijaanza kujengewa ya kwake. Mtu huweza kuishi jirani na jambo kubwa namna hii kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha.

10 Julai

Bango la kwanza ni la miaka. Nimewapa wanafunzi kazi ya kupanga tarehe kwa mfuatano, na kazi hiyo imezaa mabishano mazuri kuliko nilivyotarajia.

Mfuatano wenyewe ni huu. Kampuni binafsi ya Kijerumani iliundwa mwaka 1891 kwa nia ya kujenga reli kutoka bandari ya Tanga hadi kwenye mashamba ya walowezi katika nchi ya Usambara, na ndiyo maana njia hiyo ikaitwa reli ya Usambara. Ujenzi ulianza mwaka 1893. Aprili 1896 njia ilifunguliwa hadi Muheza, umbali wa kilomita 40 hivi, kisha kazi ikasimama kwa kuwa kampuni iliishiwa fedha. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni iliichukua reli yote na kuendelea nayo: Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi, umbali wa kilomita 352 kutoka Tanga, mwaka 1911.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, kwa sababu kundi moja lilikuwa limeandika 1911 na jingine 1912, na kila kundi lilishikilia la kwake. Ilibidi niwaeleze kwamba yote mawili yana msingi. Vyuma vilifika Moshi mwaka 1911, lakini njia ilifunguliwa rasmi kwa shughuli mwanzoni mwa mwaka 1912. Tumeamua kuandika miaka yote miwili pamoja na maelezo yake, maana msomaji atakayekuta tarehe mbili katika vitabu viwili asidhani kwamba kimoja kinamdanganya. Arusha ilisubiri hadi mwaka 1929, wakati huo nchi ikiwa chini ya Waingereza.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza swali ambalo nimeliingiza katika bango kama lilivyo: kwa nini kilomita 352 zilichukua miaka 18? Jibu linaonekana vizuri ukiweka reli mbili kando kwa kando. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, miaka mitatu baada ya yetu, na ilipofika mwisho wa mwaka 1901 ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Victoria, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, wakati reli ya Tanga ilikuwa bado haijaingia Korogwe, kilomita 84 tu kutoka baharini. Ile ya Mombasa ilikuwa na hazina ya serikali ya Uingereza nyuma yake tangu siku ya kwanza. Ya kwetu ilianzishwa na kampuni iliyotegemea faida ya mashamba ambayo yalikuwa bado hayajazaa. Jasho la kuchimba tuta na kubeba vyuma lilikuwa la Waafrika, nalo halikutajwa katika hesabu za upande wowote. Nimesisitiza sentensi hiyo iwepo kwenye bango, na kwa herufi zilezile za sentensi nyingine.

13 Julai

Leo tumekwenda stesheni. Kibali tulikipata mapema, na sharti lilikuwa moja tu, kwamba wanafunzi wasishuke kwenye njia bila mwenyeji. Tulikuwa na mwenyeji aliye bora: babu wa mmoja wa wanafunzi wetu, mstaafu wa reli, aliyeajiriwa katika miaka ya 1960 wakati reli ilipokuwa ya Afrika Mashariki nzima, na aliyemaliza utumishi wake akiwa karani wa mizigo. Ameniomba nisimwandike jina. Nitamwita Mzee.

Wanafunzi walimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, babu," naye akawaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," kisha akawapanga kwenye kivuli kama mtu anayepanga abiria. Nilikuwa nimeandaa maswali kuhusu jengo la abiria, yaani paa, jukwaa na dirisha la tiketi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, mkitaka kuijua stesheni hii, anzieni kwenye mizani. Abiria ndio wanaoonekana, lakini aliyeilisha reli ni mzigo."

Halafu akasema neno la pili, ambalo nadhani ndilo litakalobeba mradi huu. Alipiga ardhi kwa bakora na kusema: "Hapa palikuwa sifuri. Korogwe ilikuwa themanini na nne, Mombo mia na ishirini na tisa, Moshi mia tatu hamsini na mbili. Kila mtu wa reli aliyekuwa bara alijua ametoka Tanga kilomita ngapi."

Nimerudi nyumbani nikiifikiria sifuri hiyo. Tulikuwa tumeipanga stesheni ya Tanga kama kituo kimoja miongoni mwa vituo vya reli ya kaskazini. Kumbe ilijengwa kama chanzo: mahali ambapo meli iliishia na garimoshi likaanza, na karibu kila kitu kilichowekwa pale kilifuata haja hiyo.

17 Julai

Ramani imefutwa na kuchorwa upya. Ile ya kwanza wanafunzi waliinakili kutoka katika atlasi ya shule, na kwa hiyo ilianzia Dar es Salaam, ikapanda Ruvu, ikaenda kaskazini, na Tanga ikatokea pembeni kama kijitawi. Kwa leo ramani hiyo ni sahihi. Kwa mwaka 1912, au hata mwaka 1962, ni kosa, kwa sababu hapakuwa na reli yoyote iliyounganisha Tanga na Dar es Salaam. Mtu aliyetaka kusafiri kati ya miji hiyo miwili alipita baharini au barabarani.

Kwa hiyo tutakuwa na ramani mbili. Ya kwanza inaanzia Tanga na kusoma vituo kwa umbali wake kutoka baharini: Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyusi, Korogwe, Mombo, Same, Kahe, Moshi. Ya pili itakwenda kwenye bango la saba, na habari zake nitaziandika zamu yake ikifika.

Jambo moja dogo nimelipenda. Wanafunzi walitaka kujua kwa nini reli ya Sigi haikuungana na yetu. Ilikuwa reli ya kusafirishia mbao za milima ya Usambara Mashariki, yenye urefu wa kilomita 23 hivi, iliyoanzia Tengeni karibu na Muheza. Upana wa njia yake ulikuwa milimita 750, na wa njia ya Tanga ni milimita 1,000. Behewa la upana mmoja haliwezi kupita katika njia ya upana mwingine, hivyo kila gogo lililoshuka kutoka Sigi lilipaswa kushushwa na kupakiwa tena. Mvulana mmoja alipima mita moja kwa rula, akaichora sakafuni kwa chaki na kusimama katikati yake. Alishangaa kwamba treni nzima inasimama juu ya upana usiozidi hatua yake moja ndefu.

24 Julai

Bango la Vita Kuu ya Kwanza limenipa taabu, na nilitazamia hivyo. Watoto wote wameshasikia habari za nyuki wa Tanga, waliowavamia askari katika pigano la mwaka 1914, na wangependa bango zima liwe la nyuki. Nimewaruhusu sentensi moja.

Habari za Novemba 1914 nimetaka zielezwe kwa upande wa reli. Tarehe 2 meli za Waingereza zilifika mbele ya Tanga zikiwa na jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, waliokwenda kushuka upande wa Ras Kasone. Mjini walikuwapo Wajerumani na askari wao wachache. Lakini makampuni ya askari yaliyokuwa upande wa Kilimanjaro yaliteremshwa kwa treni kutoka Moshi, safari baada ya safari, na tarehe 4, siku ya pigano kubwa, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000 mahali pa kutosha kuwazuia. Mtaro uliochimbwa kupitisha reli mashariki ya mji uligeuka kuwa handaki. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini na kuacha silaha na risasi nyingi ufukweni.

Mtu akiisoma habari hii bila reli, ataona muujiza. Akiisoma pamoja na reli, ataona ratiba: watu waliotoka kilomita 352 walifika kabla adui hajamaliza kujipanga.

Upande wa pili wa jambo hilo umeandikwa chini yake. Mwaka 1916 Waingereza waliposhuka kutoka kaskazini, Wajerumani waliorudi nyuma walivunja madaraja na kung'oa vyuma njiani, na kati ya Mombo na Handeni walitandaza njia nyepesi ya vitoroli vya kusukumwa kwa mikono. Tanga ilitwaliwa Julai 1916. Mwaka huohuo reli ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi iliungana na reli yetu Kahe, na kuanzia hapo mzigo wa Moshi ulikuwa na njia mbili za kwenda baharini, moja ya Tanga na nyingine ya Mombasa. Nadhani kwa uhai wa stesheni ya Tanga kiungo hicho cha Kahe kilikuwa na uzito mkubwa kuliko pigano lenyewe, ingawa hakuna mtoto atakayekisimulia nyumbani. Tumekipa robo ya bango.

3 Agosti

Siku ndefu, na kazi nzuri. Mzee alikuja shuleni mwenyewe, akakaa nasi tangu saa tatu hadi adhuhuri, na tumemaliza maelezo ya mabango ya nne na ya tano, yaani sehemu za stesheni na kazi zake. Tulikubaliana kwamba kila sehemu ielezwe kwa maswali mawili: nani alifanya kazi hapa, na alifanya nini?

Tulianza kwenye mizani, kama alivyotuagiza. Mzigo wowote uliopokelewa ulipimwa, ukaandikwa katika daftari na kwenye hati iliyosafiri pamoja nao, na nauli yake ikakadiriwa kwa uzito, kwa umbali na kwa aina ya mzigo. Karani aliyekosea uzito alijikuta akijibu mashtaka kutoka pande mbili, mwenye mzigo akilalamika kwamba ametozwa zaidi na mwajiri akisema ametoza pungufu. Mzee anasema alijifunza kutazama gunia na kujua uzito wake kabla halijagusa mizani, lakini hata siku moja hakuandika alichokisia.

Kutoka kwenye mizani tulikwenda ghalani. Ghala la mizigo la stesheni hujengwa sakafu yake ikiwa imeinuliwa hadi usawa wa sakafu ya behewa, na hilo ndilo jambo ambalo mtu asiyefanya kazi ya reli halitambui. Upande mmoja wa ghala husimama mabehewa, upande wa pili husimama magari, na mchukuzi huvuka kutoka chombo hadi chombo bila kupanda wala kushuka. "Mngebeba robota la katani," Mzee aliwaambia, "mngejua kwamba ngazi tatu ni safari." Robota moja, yaani furushi la nyuzi za mkonge lililofungwa, lina kilo 250 hivi.

Kisha njia zenyewe. Stesheni ya chanzo haiwezi kuwa na njia moja. Inahitaji njia ya kupokelea treni, njia za kupangia mabehewa kwa mfuatano wa vituo yatakakoachwa, njia ya ghalani, njia ya karakana na njia ya kwenda bandarini. Kila njia inapoachana na mwenziwe kuna vyuma viwili vilivyochongoka ambavyo husogezwa kwa mkono wa chuma, na mtu wa kuvisogeza alipaswa kuvifunga barabara, maana vikibaki wazi hata kwa upana wa kidole gurudumu huweza kuanguka. Behewa la Muheza likipangwa nyuma ya behewa la Moshi, kazi ya Muheza huwa ya saa nzima badala ya dakika chache. Wanafunzi walijaribu jambo hili kwa viberiti mezani, na wakakubali kwamba ni hesabu ngumu.

Injini za mvuke zilihitaji maji kila baada ya mwendo fulani, na kwa hiyo kulikuwa na tangi lililoinuliwa juu ili maji yashuke kwa uzito wake yenyewe. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama maji ya bahari yangefaa, kwa kuwa bahari iko karibu. Hayafai, kwa sababu chumvi hubaki ndani ya mtungi wa injini unaochemshia maji na kuula. Ni swali la mtoto wa pwani, nami nimelifurahia sana.

Mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya vyuma vya reli ili kuvishika, nimeyaandikia aya nzima. Katika reli zao za Afrika Mashariki Wajerumani walitumia mataruma ya chuma, kwa kuwa mti uliolazwa katika ardhi hii hauna maisha mbele ya mchwa. Msomaji akitazama chini atakuta kwamba mchwa alikuwa na kauli katika ujenzi wa reli.

Jambo la mwisho, na ndilo lililowanyamazisha wote, ni usalama wa njia moja. Kati ya stesheni na stesheni kuna njia moja tu, na treni huenda pande zote mbili. Kwa hiyo mkuu wa stesheni hakuruhusu treni kuondoka mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele athibitishe kwa simu kwamba njia ni tupu. Baada ya hapo aliandika kibali, na dereva hakuthubutu kuondoa treni bila kuwa na kibali hicho mkononi. Treni mbili zilipishana stesheni, penye njia ya pili, na popote pengine hapakuwa na nafasi. "Watu walidhani tunachelewa," alisema Mzee. "Tulikuwa tunangoja wenzetu wafike wazima."

Jengo la abiria limepata nafasi ndogo kuliko nilivyopanga mwanzoni, na sasa naona ni haki. Tumeeleza dirisha la tiketi, jukwaa, kengele, na vyumba vya kungojea vilivyogawanywa kwa madaraja, ambapo katika enzi za ukoloni daraja la tatu lilikuwa kwa kawaida ndilo la Mwafrika. Bibi mmoja, mama mkwe wa Mzee, alituma salamu kwamba tusisahau machungwa ya Muheza, yaliyouzwa kwa abiria madirishani. Hatujayasahau.

10 Agosti

Bango la sita ni la mkonge. Nimelifupisha, kwa kuwa habari za mkonge wa Tanga zinajulikana zaidi na walimu wa jiografia wanazo. Yatosha kusema kwamba Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliuleta mmea huo mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi wa reli ulipoanza, na kwamba kati ya vichipukizi 1,000 vilivyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu vilivyofika hai. Reli iliyojengwa kwa matumaini ya kahawa ya Usambara ilikuja kuishi kwa mkonge wa tambarare. Mashamba yalikuwa na vijireli vyao vya kubebea majani hadi kwenye mashine za korona, zinazotenganisha nyuzi na jani, na katani ikishaanikwa, ikapigwa brashi na kufungwa marobota, ilishuka Tanga kwa treni. Pale bandarini meli ziliegesha nje na marobota yakapelekwa kwa matishari, yaani mashua bapa za kubebea mizigo.

Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge, kiasi ambacho hakijafikiwa tena hadi leo. Baada ya hapo nyuzi za viwandani ziliishusha bei, na stesheni iliyolishwa na marobota ikaanza kusikia njaa.

14 Agosti

Tumechelewa. Maandishi ya bango la tatu yalitoka kwenye uchapaji yakiwa na Julai 1961 badala ya Julai 1916, na kosa lilikuwa letu, kwa kuwa mimi ndiye niliyepitisha nakala ya mwisho nikiwa na haraka. Tumechapa upya. Tangu leo kila nakala itasomwa kwa sauti na wanafunzi wawili, mmoja akisoma na mwingine akifuata kwenye daftari, kabla haijatoka shuleni.

24 Agosti

Bango la saba, na ramani ya pili. Hili ndilo nililoliogopa, kwa sababu ni rahisi kuliandika kama maombolezo.

Mwaka 1963 ilikamilika njia ya kilomita 188 kutoka Ruvu, kwenye reli ya kati, hadi Mruazi, kati ya Muheza na Korogwe. Kwa nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili hilo lilikuwa jambo la maana: kwa mara ya kwanza reli ya kaskazini na reli ya kati zilikuwa kitu kimoja, na behewa liliweza kutoka Arusha hadi Kigoma bila kupitia nchi jirani. Kwa Tanga ilikuwa na maana nyingine. Tazama mahali njia ilipoungana. Treni inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi huingia reli yetu Mruazi na kugeuka Korogwe, na haina haja ya kuiona bahari ya Tanga hata kidogo. Sifuri ikahama, na stesheni iliyokuwa chanzo ikawa mwisho wa tawi.

Wanafunzi waligawanyika. Wengine walitaka tuandike kwamba Tanga ilionewa. Mzee, niliyemtazamia awe upande wao, alikataa. Alisema kiungo kile kilimpeleka Dar es Salaam kumzika dada yake kwa wakati, na kwamba hawezi kukisema vibaya. Tumeandika faida yake na gharama yake, kila moja kwa ukamilifu wake, bila kuamua kesi.

Yaliyofuata tumeyaandika kwa ufupi. Mwaka 1948 reli za Tanganyika zilikuwa zimeunganishwa na za Kenya na Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na Shirika la Reli Tanzania likaundwa. Huduma ya abiria kwenye njia ya kaskazini ilisimama katika miaka ya 1990. Mwaka 2007 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya ubia na wawekezaji kutoka India, na mwaka 2011 serikali ikaurudisha mikononi mwake. Julai 2019 treni ya mizigo ilifika tena Moshi, ikiwa imebeba saruji ya Tanga, na Desemba mwaka huohuo treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikarejea Moshi baada ya takriban miaka 25. Oktoba 2020 ikafika Arusha.

Saruji hiyo nimeitaka iwe na picha yake, maana ilipakiwa kwetu. Na bandari, ambayo kwa zaidi ya karne ilitegemea matishari, sasa ina gati ya mita 450 yenye kina cha mita 13, hivyo meli kubwa hufunga ukingoni. Mwanafunzi yeyote aliyefuata bango la nne ataelewa maana ya jambo hilo kwa stesheni: mzigo unaoshuka gatini moja kwa moja unaweza kupanda behewa bila kupita chomboni katikati. Kama utapanda behewa au lori, hilo litaamuliwa na hali ya njia, na kwa maoni yangu njia ya Tanga inastahili mataruma na kokoto mpya kabla ya hotuba yoyote.

31 Agosti

Mabango yote manane yametundikwa. La nane lina ramani zote mbili kwa ukubwa uleule, moja juu ya nyingine, na alama nyekundu ya sifuri ikiwa Tanga katika ile ya juu. Mkuu wa shule ameomba yabaki hadi mwisho wa mwaka.

Mzee alifika saa nne pamoja na mjukuu wake. Alisoma kila bango kwa miwani, polepole, mkono ukiwa nyuma, na hakusema neno mpaka alipofika kwenye mchoro mkubwa wa bango la nne, unaoonyesha ghala, behewa na wachukuzi. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akamwita kijana aliyeuchora, akamwekea mkono begani na kumwambia, "Mjukuu wangu, umewachosha watu hawa." Tulitazama sote, na kweli: maandishi yetu yanasema sakafu ya ghala iko usawa wa behewa, lakini mchoraji ameiweka chini kwenye udongo, na wachukuzi wake wanapanda na marobota.

Kijana ameahidi kuiinua sakafu Jumatatu baada ya vipindi. Rangi ya kahawia imebaki nusu kopo, nayo inatosha.